Jinsi ya Kupanda Ndege na Bastola, Familia na Heshima Yako

Sogea karibu, haya ni yetu wenyewe. Unaishi Houston, bastola yako ni halali, na mwaka huu watoto wamekushinda: mnakwenda Orlando. Unataka kusafiri nayo. Sikuulizi sababu. Mtu akishazoea uzito ule kiunoni, au ndani ya mkoba kwa akina dada, siku asipokuwa nao anajiona kapungua. Ninachotaka mimi ni ufike, ulale hotelini na mwenzako, urudi na jina lako likiwa safi. Njia za mkato zipo. Zifuate hivi.

1. Hakikisha unaruhusiwa kuwa nayo.

Wengi huliruka hili kwa sababu silaha tayari wanayo. Kama uko Marekani kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kabisa kumiliki silaha. Misamaha ni michache, kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, lakini ajue kwamba akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Ndugu yangu, umehangaika miaka mingapi kuipata kadi hiyo? Usiiweke rehani kwa sababu ya safari ya kwenda kumwona Mickey Mouse.

2. Tumia begi ambalo halijawahi kubeba bastola.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Mwaka 2023, maofisa wa TSA, wale wanaokagua abiria katika viwanja vya ndege vya Marekani, walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi. Karibu 93 katika kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Uwanja wa Atlanta peke yake ulitoa 451. Na wenye mabegi hujitetea kwa neno lilelile: nilisahau. Wengi nawaamini. Begi lilikwenda kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi, likatupwa kabatini, likaja kuvutwa saa kumi alfajiri, teksi ikipiga honi nje na mtoto mmoja hajavaa viatu.

Kwa hiyo usiutegemee ubongo wako wa saa kumi alfajiri. Nunua begi jingine, hata la bei rahisi, na liwe la safari tu. Jioni ya kuamkia safari ligeuze juu chini kitandani, fungua zipu zote, pitisha vidole kwenye bitana. Kisha mpe mwenzako alipekue upya, maana mwenye begi huona anachotarajia kuona. Usione aibu kupekuliwa na mkeo. Aibu yenyewe inakusubiri kwenye mashine. Mkanda unasimama, ofisa anaitazama picha, anamwita polisi, na foleni nzima inageuka kumtazama baba aliyeshika begi la pampasi. Faini ya serikali inaweza kupita dola 15,000, na ule mstari wa haraka wa PreCheck unaweza kuukosa hadi miaka mitano. Kibali cha jimbo lako cha kubeba silaha hakikusaidii kitu kwenye ukaguzi, hata ukikitoa kwa madaha gani.

Na ikitokea umekumbuka mkanda ukiwa umeshaondoka na begi, sema hapo hapo kwa utulivu, rudi nyuma, weka mikono inapoonekana. Usilikimbilie begi. Novemba 2021, Atlanta, abiria alinyoosha mkono ndani ya begi lililokuwa likikaguliwa, bastola ikafyatuka, umati ukatimua mbio na watu watatu wakaumia kidogo. Kidogo, kwa bahati tu.

3. Itangaze, tena kwa fahari.

Nenda kaunta ya shirika la ndege, siyo kwenye ukaguzi. Kwa sauti ya kawaida sema una silaha ya kutangaza na haina risasi. Usiitoe kuonyesha, labda uambiwe. Utapewa karatasi ya kutia saini. Kama unapenda kuonekana mtu mzito, huu ndio wakati wako: umenyooka, nyaraka zako zimekamilika, na karani anakuita bwana mkubwa.

Bastola iwe tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli kiasi kwamba mtu hawezi kulibinua pembe akapenyeza mkono. Boksi la dukani mara nyingi halifai. Sanduku hilo linakwenda na mizigo ya chini ya ndege, kamwe si mkononi. Ufunguo unakaa nao wewe, usimkabidhi mtu, isipokuwa TSA wakiuomba wafanye ukaguzi wao. Risasi zikae kwenye pakiti iliyotengenezwa kwa ajili yake; mashirika mengi huweka ukomo wa kilo 5. Kabla ya kuelekea getini, muulize karani kama usubiri hadi sanduku likaguliwe. Siku ya kurudi utatangaza tena, kana kwamba hawajawahi kukuona.

4. Ndege ikikuacha New Jersey, liache begi.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda anayesafiri na silaha tupu, iliyofungiwa, kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali anaporuhusiwa, hata akikatiza jimbo lenye sheria kali. Inasomeka vizuri. Lakini mwaka 2005 abiria mmoja wa Utah aliikosa ndege ya kuunganisha pale Newark, New Jersey, akapewa begi lake, akalala nalo hotelini. Kesho yake akaitangaza silaha kama mstaarabu yeyote, akakamatwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilimwambia kwamba usiku ule wa hoteli silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia, hivyo ulinzi haukumhusu. Majaji wakataja njia aliyokuwa nayo: kabla ya kulichukua begi, kuwaendea polisi au wahudumu wa uwanja. Nawe fanya hivyo. Lala na nguo ulizovaa.

Njia fupi zaidi ni kukata tiketi isiyopitia huko.

5. Ukivuka mpaka, hata risasi moja usiwe nayo.

Februari 2024 baba mmoja wa Pennsylvania alikwenda likizo na mkewe na watoto visiwa vya Turks na Caicos. Wakati wa kurudi, ndani ya mzigo wake zikakutwa risasi 20. Bastola haikuwapo. Sheria ya kule ilikuwa na kifungo cha kuanzia miaka 12. Familia ilirudi, yeye akabaki kusubiri kesi hadi Mei, akapewa kifungo cha wiki 52 kilichosimamishwa na faini ya dola 6,700. Kadhalika Dar na Mombasa: kibali cha Texas hakina uzito pale. Bitana ile niliyokuambia upitishe vidole, ipitishe mara mbili.

6. Au shindwa kwa heshima.

Disney hawaruhusu silaha ndani ya bustani zao, na kwenye lango kuna ukaguzi. Kwa hiyo bastola uliyoitangaza, ukaisainia na kuilipia mzigo, itashinda chumbani wakati wewe unapanga foleni juani, roho ikiwa juu kwa sababu ya mfanya usafi. Umeisafirisha ukawe mlinzi wake.

Iache nyumbani. Itoe risasi, ifungie kwenye kabati la chuma, namba ya siri asiijue hata mpwa anayekuja kulala kulinda nyumba. Kisha mwendee mama watoto jioni, kaa chini, mwambie umelipima sana jambo hili na umeamua mwenyewe. Akikwambia alishalisema tangu mwezi uliopita, kubali, halafu muulize tiketi za watoto kazichapisha au ziko kwenye simu.