Taa ya Baiskeli Katika Ujenzi wa Barabara

Taa ya baiskeli ya kujitengenezea ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kuboresha barabara za vumbi na mawe za Buhare, Musoma. Dainamo ya zamani, volti 6 na wati 3, ilimulika shimo gurudumu likiwa limeshaingia. Siku hizi betri tatu za lithiamu kutoka kwenye kompyuta mpakato mbovu huungwa mfululizo, zikatoa volti 11 hivi na kuwasha LED ya wati 10, ndugu ya zile zinazovutia dagaa ziwani. Bati la alumini hubanwa nyuma kupoza joto. Kopo la maziwa huwa ganda. Hapo korongo lililochimbwa na masika huonekana kwa heshima zake zote, kingo, kina na maji, mithili ya kivutio cha utalii. Greda lingefukia uzuri huo kwa asubuhi moja. Tena greda hutaka bajeti, vikao na mgeni rasmi. Taa hutaka waya wa risasi na fundi redio. Anayekuja mbele hupofuka, ndiyo, lakini naye anashauriwa kutengeneza yake. Chaji hudumu saa mbili hivi, muda unaotosha kabisa kukagua kilomita moja.