Simba Ana Behewa, Sisi Tuna Notisi

Ukitaka reli ikukumbuke, mle afisa wake. Nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ulipe kiingilio ujionee. Behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima, mwaka 1900, limetunzwa kama mboni ya jicho. Simba alimnyakua usiku mmoja tu, lakini sifa zake zimevuka karne. Kando ya behewa hilo zimepumzika injini za mvuke za Garratt za zaidi ya tani 250, zimekoga rangi, zinangoja kupigwa picha na maharusi.

Ukishatoka hapo, tembea kidogo hadi mtaa wa Muthurwa. Katika nyumba za hapa ndimo walimolala waliopiga nyundo karakanani, waliopeperusha bendera na waliopaka grisi magurudumu ya hao hao Garratt. Kiingilio hakuna, ila shika mfuko. Vibao vya maelezo pia hakuna, ingawa muuza mitumba atakueleza yote ukinunua shati.

Mwaka 2010 wapangaji wa nyumba hizi walilazimika kukimbilia Mahakama Kuu wasifurushwe. Na mwenye nyumba alikuwa nani? Si beberu, si mnyakuzi wa ardhi. Alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli! Uzee ulijengewa akiba, akiba ikataka kuwafukuza wazee.

Basi tumeelewa, wakubwa. Chuma kikizeeka hupakwa rangi. Aliyekisukuma akizeeka hupewa notisi.