Namna ya Kusoma Kemia Miaka Minne Bila Kukutana Nayo

Mahitaji: kaunta buku moja ya kwaya tatu, kalamu nyekundu ya kupigia mistari, rula, na koo zima la kuimbia. Akili iache nyumbani, utaikuta jioni.

Anza na wimbo. Kila shule ina wake wa kukariri elementi 20 za mwanzo, kutoka haidrojeni hadi kalsiamu, na kama kwenu haupo, kaka yako wa kidato cha nne anao. Imba bwenini, imba kwenye foleni ya uji, imba mpaka mama akuulize hiyo ni kwaya ya kanisa gani. Ila usithubutu kuuliza kwa nini sodiamu inaandikwa Na wakati jina lenyewe halina hata n moja, au potasiamu imepewaje K ambayo haimo. Swali hilo lina mikia. Utaambiwa Na ni natrium, jina lililotokana na natron, na natron ni magadi, haya haya tunayotilia maharage yaive upesi. Utagundua kwamba Ziwa Natron, mkoani Arusha, limebeba neno hilo hilo. Utaambiwa K ni kalium, kutoka neno la Kiarabu la majivu ya mimea, na kwamba hata neno kemia limetufikia kwa kupitia kwa Waarabu. Ukitoka hapo utataka kujua Humphry Davy alifanyaje mwaka 1807 kuzitenga metali hizo mbili kwa umeme, moja baada ya nyingine, ndani ya siku chache. Kengele italia hujaimba hata ubeti mmoja.

Jedwali la elementi lichore kwa rangi tatu, ulining'inize juu ya kitanda, uliache hapo. Siku hizi lina elementi 118, lakini wewe mwisho wako ni 20. Usimsome Mrusi Dmitri Mendeleev, maana atakuharibia nidhamu. Mwaka 1869 alilipanga jedwali lake, akafika mahali hajui cha kuandika, akaacha wazi. Zaidi ya hapo, akabashiri sifa za elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka 1875 ikapatikana galiamu, metali inayoyeyuka kiganjani, ikakaa kwenye mojawapo ya nafasi zile. Skandiamu ikafuata 1879, germaniamu 1886. Mendeleev aliacha nafasi wazi akawa mashuhuri. Mimi niliacha nafasi wazi kwenye pepa ya kidato cha pili nikapata sifuri, kwa hiyo nafahamu ninachokisema.

Hatua inayofuata ni fasili. Elementi, kampaundi, mchanganyiko: zimeze kwa Kiingereza, neno kwa neno, pamoja na koma zake. Mfano wako uwe unga wa chuma na salfa, hata kama hujawahi kuviona vyote viwili maishani. Andika kwamba vikichanganywa tu, sumaku inakitoa chuma, lakini vikipashwa moto vinakuwa kitu kimoja cheusi ambacho sumaku haikijui tena. Usije ukaandika kwamba dada yako anayechagua mawe kwenye mchele anatenganisha mchanganyiko. Mchele haumo kwenye notisi.

Na kama kuna jambo la kuruka haraka, ni chumvi. Mwalimu akifika hapo, omba ruhusa ya kwenda chooni. Sodiamu ni metali laini, inakatika kwa kisu kama sabuni ya mche, na huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikikutana na maji inatimka, inawaka, pengine inalipuka. Klorini ni gesi ya kijani-njano inayochoma mapafu. Wajerumani waliiachia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na askari wengi wakafa. Sasa waozeshe hao wawili. Mtoto atakayezaliwa ni punje nyeupe ambayo bibi anaibana kwa vidole vitatu na kuinyunyiza kwenye kachumbari. Halipuki, hasongi mtu roho, bila yeye mboga haina ladha. Kampaundi hairithi tabia za wazazi wake, ndiyo kemia yote hiyo. Lakini wewe umelelewa kujua kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na si busara kubishana na wahenga kwa ajili ya alama mbili.

Hatua ya nne, ile ya valensi, nimeisahau. Nakumbuka alumini ni tatu.

Siku ya vitendo, kaa nyuma. Sisi tulikuwa darasa la wanafunzi sabini na kitu, na maabara ilikuwa na utepe wa magnesiamu wenye urefu wa kidole. Mwalimu aliushika kwa koleo, akawasha. Niliona kisogo cha mwenzangu, kisha ukuta wote ukawa mweupe kama umepigwa picha, kisha nikaona kisogo tena. Jivu likawekwa kwenye kigae, likapitishwa dawati kwa dawati ili kila mtu alione. Dawati la sita mtu akapiga chafya. Sisi wa nyuma tulikabidhiwa kigae kitupu, tukakikagua kwa makini, tukaandika: mwanga mkali mweupe, jivu jeupe. Nilipata vema.

Ukishazoea mtindo huo, jihadhari na nyumbani, maana kule hakuna wa kukuziba macho. Supu yenye chumvi ikifurika juu ya jiko la gesi, moto wa bluu unageuka njano papo hapo. Hiyo ni sodiamu inajitangaza, jaribio lile lile la rangi ya mwali ulilolikariri bila kuliona. Magadi yakikutana na ndimu yanatoa povu, na povu hilo ni kaboni dioksidi. Juisi ya choya ikimwagikia shati jeupe, doa lake ni jekundu mpaka liguswe na sabuni, hapo linaanza kuelekea bluu, sawasawa na karatasi ya litmasi ambayo shuleni mligawana vipande kama sadaka. Ukiyaona haya, geuza uso, rudi kwenye notisi.

Mwisho ni kusawazisha milinganyo. Mjanja hahangaiki na namba kubwa za mbele, anachezea vile vidogo vya chini. Umepungukiwa oksijeni? Ongeza kijinamba kwenye H₂O iwe H₂O₂, pande zote zitalingana. Maji yako yamegeuka dawa ya kuoshea vidonda, ile ile wanayopaushia nywele saluni, lakini mlinganyo umesimama.

Mbinu hiyo itumie popote, ila kwenye mkaa hapana, na hapa nausitisha mwongozo. Mkaa ukiwaka penye hewa ya kutosha unatoa CO₂. Ukiwaka chumbani, mlango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, unatoa pia CO kwa wingi, yaani ile ile ikiwa imepungukiwa kijinamba kimoja. Hiyo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu ya mara 200 hivi kuliko oksijeni. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Kama umeyasahau yote niliyoyaandika hapo juu, sitakulaumu, lakini usiku huu kabla hujapanda kitandani, jiko litoe nje.