Kila Mtu Fundi wa Stata

Ukitaka kujua kijiji kina wataalamu wangapi, ngoja mvua ya kwanza inyeshe Ismani halafu trekta la mzee fulani, Massey Ferguson 135, ligome kuwaka. Mzee fulani huyo ni mimi. Kiangazi kizima nalitia grisi peke yangu, hata mbwa hapiti kuniuliza habari. Siku linapogoma wanakuja mpaka watu wa kilabuni, vikombe vya ulanzi mkononi, na wote wana jibu moja: betri.

Mwenyekiti wa chama hicho cha betri ni shemeji yangu, mtu ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli yenye dinamo. Anaweka kiganja juu ya boneti, anafumba macho kama mganga anayesubiri mizimu ipokee simu, kisha anatangaza: "Shemeji, hapa nunua betri mpya. Tusibishane."

Nimewachunguza sana hawa madaktari. Uchunguzi wao huanzia kwenye kifaa cha bei kubwa na kushuka polepole. Kwanza betri, kisha stata nzima, kisha injini "imechoka", na mwisho kabisa, hela ikishaisha, ndipo mmoja anauliza kama waya umekazwa. Kwa nini tusianzie huko? Kwa sababu kwenye kukaza waya hakuna cha juu.

Nina mita ndogo ya kupimia umeme. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ukipiga stata lazima ishuke, ila ikizama chini ya 9.6 hapo tunaweza kuanza kuilaumu. Nawaonyesha namba, wanaitazama mita kwa huruma. "Hicho kidude kinadanganya, mzee." Kiganja cha shemeji hakidanganyi.

Kipo hata kipimo cha bure. Washa taa kubwa, piga stata. Taa zikififia kama zinataka kuzima, betri haina nguvu au kuna kiungio kibovu. Zikibaki kali na stata iko kimya, mara nyingi umeme haufiki kwenye stata. Kipimo safi sana, kasoro yake ni kwamba kinahitaji trekta lenye taa. Langu taa moja iliondoka na tawi la mgunga, na ya pili iliazimwa na kijana mwenye pikipiki ambaye siku hizi akiniona anapitia njia ya zahanati.

Basi sikilizeni, angalau! Stata inasema yenyewe. Ikigonga "tak" moja na kunyamaza, solenoidi imevuta lakini umeme wa kuzungusha hautoshi, au stata yenyewe imekwama. Ikipiga "tak-tak-tak-tak" mfululizo, hapo mara nyingi betri imelegea kweli, na ninamkubalia shemeji shingo upande. Ikivuma kwa raha zake huku injini haizunguki, bendeksi ya stata haijashika flaiwili. Lakini utasikiaje "tak" wakati watu kumi wanazungumza kwa pamoja na wa kumi na moja anauliza kama kuna mtu amekula?

Mkwaruzo unaotia ganzi meno ni habari nyingine, na huo nauogopa. Injini ya Perkins ya silinda tatu ukiizima haisimami popote tu. Mbano wa hewa huirudisha karibu sehemu zilezile, kwa hiyo bendeksi miaka yote inagonga meno yaleyale ya ringi ya flaiwili mpaka yanaliwa. Dawa ya haraka ni kutia gia na kulisogeza trekta kidogo ili meno mengine yaje mbele. Dawa ya kweli ni kubadilisha ringi, na ili kuifikia flaiwili ni lazima trekta lipasuliwe katikati. Halina chesisi hili. Injini na gia boksi zimefungwa kwa bolti, ndizo mwili wenyewe. Nililiona la jirani limepasuliwa, kichwa huku, makalio kule, kuku wakipita katikati. Mwenye trekta alikaa chini ya mwembe hasemi na mtu.

Nyundo nayo ina wafuasi wake. Mtu anaigonga stata ubavuni, inazunguka, wanashangilia kana kwamba imetengenezwa. Haijatengenezwa! Kaboni ndani zimeisha au zimenasa, nyundo imezitikisa zikagusa tena, na kesho utagonga zaidi. Kaboni ni rahisi kuliko stata. Lakini fundi akishaona nyundo imefanya kazi, haifungui tena. Anakuandikia "nyundo" kwenye kichwa cha dereva wako na kuondoka.

Na bisibisi. Hapa sicheki. Kiwanda kiliweka swichi kwenye gia: wenzo wa spidi kubwa na ndogo usipokuwa katikati, stata haipokei umeme. Fundi mmoja alitaka kuing'oa ya kwangu, eti "inasumbua bure". Kisha mtu anasimama chini, mbele ya tairi la nyuma, anaunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi bila kupitia swichi hiyo, cheche zinaruka, na kama gia imeingia, trekta linawaka na kuondoka hapohapo. Tairi lile halimuulizi kama yeye ni fundi. Nimemwambia dereva wangu: nikimkuta na bisibisi pale, ataendesha toroli.

Yeye ana mbinu yake, hazimi kabisa. Dizeli ikishawaka haihitaji umeme, inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo anakula ugali na maharage, anapiga soga, trekta linanguruma, na mafuta yangu yanapanda angani. Akilazimika kulizima, analipandisha kichuguu ili aliwashe kwa kulishusha kwenye mteremko. Wateja wananiuliza kwa nini trekta langu linalala juu ya vichuguu.

Msimu huu nilikataa betri, nikakataa stata, nikakataa kichuguu. Nilipiga stata, nikashika waya mmoja mmoja. Waya unaopitisha umeme vibaya hupata joto pale penye ubovu. Wa pozitivu baridi. Wa ethi, pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta, ulitaka kuniunguza. Nikafungua bolti. Rangi nyekundu, nzuri, inayong'aa! Mchoraji aliyelipamba trekta mwezi wa kumi alipaka mpaka pale ethi inapokaa, akarudisha bolti juu ya rangi. Msasa, chuma kikaonekana, nikakaza kwa spana, nikazungusha ufunguo. Likawaka kabla sijakaa vizuri kitini.

Kelele zote zilikatika. Shemeji pekee hakuwepo. Alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda Iringa mjini, kuchukua betri mpya ya N100 kwa mkopo, kwa jina langu. Alirudi jioni akiwa ameipakata, amelowa, amefurahi, na duka halipokei bidhaa iliyokwisha kutiwa asidi.

Anayehitaji betri ya trekta, haijatumika, aulize nyumba yenye trekta linalowaka. Maelewano yapo, nauli ya bodaboda imo ndani ya bei.