Mtazamo Mbaya wa Wazazi wa Garsen: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu

Kwa Wizara ya Elimu,
Jogoo House,
Nairobi.

MINT: KUJISALIMISHA KWA WAZAZI WENYE MTAZAMO MBAYA

Kwa heshima na taadhima,

Hotuba tumezisikia. Kila Juni 12, Siku ya Dunia ya Kupinga Ajira ya Watoto, mgeni wa heshima hushuka na gari lake, hugawa fulana, kisha hutueleza kwamba watoto wa Tana River wanachunga mifugo, wanachoma makaa na kuamia ndege kwenye mpunga kwa sababu wazazi wao hawathamini elimu. Tunashukuru kugunduliwa. Sisi tulidhani ni mafuriko.

Mtazamo wenyewe tunao, hatuukani. Boma la mfugaji lenye wavulana wawili mara nyingi huwagawa, mmoja akapewa daftari na mwenzake fimbo. Si kwamba baba hajui maana ya shule. Amemwona kijana wa jirani akimaliza kidato cha nne, akarudi kuendesha bodaboda ya mtu. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hufuata maji hadi kwenye malka, yaani njia za mifugo za kuteremkia mtoni, na wa kuwafuata ni huyo wa fimbo. Nanyi mhula wa kwanza mmeuweka Januari, kiangazi kikiwa kimepamba moto. Hadi leo ng'ombe hawajapokea waraka wenu wa kuwataka wasubiri likizo ya Aprili.

Mvua ikija, mambo huwa mazuri zaidi. Novemba 2023 El Niño ilitumwagia mto mlangoni. Aprili na Mei 2024 mto ukarudi kuangalia kilichobaki. Madarasa mengine yaliingia maji, mengine yakawa makazi ya waliohama. Mtoto aliyekaa wiki kadhaa bila shule hakai bure. Hukata mathenge, mti ulioletwa Bura na wataalamu miaka ya 1980 na ambao hadi leo ndio mradi wa wataalamu uliostawi kuliko yote huku kwetu. Huchoma makaa, akauza gunia barabarani. Shule ikifunguliwa, ameshaonja hela, na mwalimu wake anangoja barua ya uhamisho. Mgeni wa heshima anayeita hali hii mtazamo ana kipaji kikubwa cha lugha.

Tugeukie hesabu, somo mlilotufundisha nyinyi wenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwanafunzi wa shule ya msingi naye ametengewa na Serikali shilingi 1,420 kwa mwaka, zikifika. Pesa hizo hazikupi mbuzi sokoni Garsen. Tukagawanya: kosa la mzazi mmoja lina thamani ya masomo ya watoto 70. Tunaomba mtukumbushe tena ni nani asiyethamini elimu.

Kuna jambo lingine ambalo pengine tunahitaji semina ili tulielewe. Tuliambiwa kuwa mtu akielimika hamtumikishi mtoto. Lakini binti zetu wanaoacha shule hawaajiriwi na wafugaji. Huchukuliwa Malindi na Mombasa kuosha vyombo na kulea watoto wa watu wenye digrii. Asubuhi, mtoto aliyeacha shule hubeba begi la mtoto wa bosi hadi kwenye geti la shule, halafu akarudi kufua. Sheria iyo hiyo inamtishia mwajiri wa namna hiyo faini ya hadi shilingi milioni 5. Chifu akitumwa, hata hivyo, huja kumtafuta baba mtu huku kijijini. Mwenye digrii hatafutwi, maana mtazamo wake ni mzuri na huenda ndiye aliyeandika hotuba.

Dunia nayo ilijiwekea mwaka 2025 uwe mwisho wa ajira ya watoto ya kila aina. Mwaka ule umekuja ukapita, na hatujasikia aliyetozwa faini kwa kuchelewa.

Ombi letu basi ni dogo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Iongezwe sentensi moja tu: darasa likikaa mhula mzima bila mwalimu, au likiachwa bila kukarabatiwa baada ya mafuriko, Wizara itozwe shilingi 100,000 kwa kila mtoto, na zilipwe mkononi mwa mzazi. Siku sheria hiyo itakapoanza kutumika, mtazamo wa Garsen utabadilika kabla ya adhuhuri. Wa Jogoo House utakuwa umebadilika tangu alfajiri.

Wenu watiifu,
Wazazi wenye mtazamo,
Garsen, Tana River.