Jinsi ya Kuifanya Dawa ya Kifua Isikufae

Huu ni mwongozo wa kinyume. Usome, kisha kila hatua uigeuze, maana zote nimeziona zikifuatwa na watu ninaowapenda.

Hatua ya kwanza: ukipata nafuu, acha dawa. Umepanda ngazi bila kusimama, kifua chepesi, basi pampu iingie kabatini mpaka kibane tena. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu malaria imetuzoesha dozi yenye mwisho. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD, hauna dozi ya kumaliza. Siku unazopumua vizuri ni matunda ya dawa ya jana na juzi. Pumu nayo ni hivyo hivyo: mlio wa kifuani unaweza kunyamaza na mirija ikabaki na uvimbe.

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha uchambuzi wa utafiti wa TORCH, uliofuatilia wagonjwa wa COPD zaidi ya 6,000 katika nchi 42 kwa miaka 3. Kati ya waliotumia zaidi ya asilimia 80 ya dawa waliyopewa, walifariki asilimia 11.3. Kati ya waliorukaruka, walifariki asilimia 26.4. Pengo hilo lilikuwepo hata kwa waliopewa pampu isiyo na dawa ndani. Kwa hiyo sidai kwamba pampu peke yake ndiyo iliyowaokoa. Huenda anayekumbuka dawa kila jioni ndiye pia anayekwenda kliniki tarehe ikifika na kusikiliza anachoambiwa kuhusu sigara. Tabia hizo huenda pamoja, na mimi ningependa mzazi wangu awe nazo zote.

Hatua ya pili: ipende pampu ya bluu, idharau ile ya kila siku. Salbutamol, dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu, hufungua kifua ndani ya dakika chache, na baada ya saa 4 hadi 6 imekwisha nguvu. Ya kila siku haikupi raha ya papo hapo, ndiyo maana watu husema haifanyi kazi. Inafanya, ila polepole.

Hatua ya tatu: puliza mdomoni, umeze ladha, umalize. Hii nayo inaharibu dawa nyingi. Tikisa kopo. Toa pumzi yote. Bana midomo kwenye pampu, bonyeza mara tu unapoanza kuvuta, vuta taratibu na kwa kina, kisha zuia pumzi sekunde 10. Kama dawa ina steroidi, sukutua na uteme maji, usije ukaota utando mweupe kinywani. Mikono na pumzi visipokwenda pamoja, tumia chupa ya kuvutia, yaani spesa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwa watoto waliobanwa na pumu kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri, ilisaidia sawa na ya dukani.

Hatua ya nne: usihesabu. Kopo la mipulizo 200, ukitumia 2 asubuhi na 2 jioni, linakwisha siku ya 50. Likikaa miezi sita, tayari limekueleza ulichofanya. Usilitumbukize majini kupima kama limeisha. Linaweza kuendelea kutoa upepo bila dawa ya kutosha. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino kwenye ganda lake.

Sigara na jiko la kuni lililofungiwa ndani sitavirefusha: dawa haishindani na moshi unaoingia kila siku.

Wako wanaoruka dawa kwa kuwa hela haikutosha, nao hawastahili kuitwa wakaidi. Ndugu yangu, kama ni wewe, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu, akutafutie dawa unayoimudu, kuliko kugawa dozi kimyakimya. Na ninyi wenye wazazi wanaotumia pampu, mkituma pesa za matumizi, ulizeni kwanza kopo limebaki na mipulizo mingapi.

Siku ya kliniki ibebe pampu yako, uvute mbele ya muuguzi, na umwombe akurekebishe.