Shangazi Mezani: Visahani Kumi, Nyama Iko Wapi?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa melanje hapa Muhima, Kigali: wali, ndizi, viazi, maharage, isombe ya kisamvu, kisha kipande cha nyama kileleni. Majuzi bosi alitualika hoteli ya Walebanoni mjini. Vikaletwa visahani vidogo vidogo. Nikavuta kimoja kwangu, nikakikomba chote. Meza nzima ikanyamaza. Nimekosa nini?*
*Mwenye Mlima, Muhima*

Marahaba mwanangu. Melanje ni kazi ya ujenzi. Unapakua mara moja tu, hivyo fundi stadi huanza na msingi wa viazi. Meza ya Walebanoni haijengwi. Visahani vya mezze huwekwa katikati, vyote ni vya wote. Unamega mkate, unachota kidogo, unapisha wenzako, kisha unarudi. Nyama ya kuchoma huja baadaye, wakati walafi wameshashiba mkate.

Ulichokikomba ni hummus: dengu zilizopondwa kwa ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu. Usiidharau. Mei 2010 Walebanoni walitengeneza hummus ya kilo 10,452, idadi ile ile ya kilomita za mraba za nchi yao, ili kuipokonya Israel rekodi ya dunia. Watu wanaogombea dengu kiasi hicho, wewe umewamalizia bakuli! Muombe bosi radhi kabla ya mwisho wa mwezi.

*Shangazi, nasi tulikula kwa Walebanoni, chakula kilikuwa kimepooza. Nikatoa kichupa changu cha Akabanga mfukoni, nikadondoshea kila kisahani. Mke wangu hasemi nami mpaka leo.*
*Matone Matatu, Nyabugogo*

Baba Matone, mafuta yale ya pilipili ya Sina Gérard wa Nyirangarama nayaheshimu. Kwenye mshikaki wa mbuzi hayana mpinzani. Lakini uliwatilia watu wote pilipili bila kuwauliza. Dondoshea pembeni mwa sahani yako.

Ukitaka ukali, omba toum: saumu mbichi iliyopigwa na mafuta, ndimu na chumvi mpaka ikawa nyeupe, laini. Ila ukishaila, rudi nyumbani kwa basi. Kwenye pikipiki utavishwa kofia ngumu, na pumzi yako itabaki humo humo ikikusubiri. Abiria atakayeivaa baada yako naye ana haki zake.

*Shangazi, nimenunua shawarma mjini, nateremka Muhima kwa miguu kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Njaa inaniuma. Nile njiani?*
*Mkwe Mtarajiwa*

Thubutu! Beirut, shawarma huliwa barabarani na hakuna anayegeuka. Rwanda, mtu mzima anayetafuna huku anatembea huonekana hakulelewa, na mteremko wa Muhima una macho mengi. Mjomba wa binti atakuwa amekaa kwenye kibaraza fulani, na mchuzi wa ufuta utakuwa unakutiririka kwenye kiwiko.

Ingia dukani, agiza soda, kaa chini, ule nusu. Nusu nyingine? Usiifikishe ukweni: zawadi iliyoumwa meno haipokelewi. Mpe mwenye duka, akushuhudie kwamba ulikula umekaa. Siku ya kujadili inkwano, yaani mahari, utamhitaji; bila yeye, shawarma moja itakugharimu ng'ombe.